Barua ya wazi kwa Jiji la Arusha na TARURA: Kifusi tunacholipia kukitupa kitumike kujenga mitaa yetu

Kwa Mstahiki Meya na Waheshimiwa Madiwani wa Halmashauri ya Jiji la Arusha,
Mkurugenzi wa Jiji,
na Meneja wa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), Mkoa wa Arusha.

YAH: MATUMIZI YA KIFUSI CHA MAJENGO YANAYOBOMOLEWA KATIKA KAZI ZA UMMA

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu mistari miwili inayopatikana katika jedwali la gharama la kazi nyingi za ujenzi zinazolipiwa na umma. Mstari wa kwanza humlipa mkandarasi abomoe kilichopo na kuondoa kifusi nje ya eneo la kazi. Mstari wa pili, kurasa chache mbele, humlipa mkandarasi yuleyule alete mawe, kokoto na moramu (changarawe ya kutandaza barabarani) kutoka machimboni. Lori linatoka na zege lililovunjika, lori jingine linaingia na mawe yaliyovunjwa, na mlipaji wa safari zote mbili ni mwananchi. Ombi langu ni kwamba mistari hiyo miwili ianze kusomwa pamoja, na kwamba kabla fedha ya kuleta mawe mapya haijaidhinishwa, mtu aulizwe kwa maandishi ni kiasi gani cha mahitaji hayo kingeweza kutoka kwenye kile kinachobomolewa.

Naandika kama mkazi wa Sombetini na kama fundi sanifu majengo niliyestaafu. Sina mashine ya kuuza wala kampuni ya kuombea zabuni.

Jiji letu linabomoa kwa kasi. Kaloleni, Levolosi na Themi, nyumba za chini za miaka ya nyuma zinapisha ghorofa. Barabara ya Sakina hadi Tengeru, kilomita 14.1, ilipopanuliwa kuwa ya njia nne, kuta na vibaraza vingi vilivyokuwa ndani ya hifadhi ya barabara viliondoka, na sote tunaikumbuka ile alama nyekundu ya X iliyopakwa ukutani. Maandalizi ya AFCON 2027 na uwanja wa Olmoti yameleta msukumo mwingine wa barabara, mitaro na majengo mapya. Tena kuna bomoabomoa ndogo ambazo hazitangazwi na yeyote: darasa lililopata nyufa, choo cha shule kilichotitia, kalvati iliyobebwa na maji, sakafu ya soko inayong'olewa ili imwagwe nyingine. Ukizijumlisha hizi ndogo, huenda zikazidi zile kubwa.

Kifusi hicho huenda wapi? Sehemu yake hufika dampo la Muriet, ambako zege lisilooza wala kunuka hukalia nafasi iliyojengwa kwa gharama kubwa kwa ajili ya taka zinazooza na kunuka. Sehemu nyingine hununuliwa na watu wanaojaza viwanja vyenye mabonde, jambo ambalo silipingi. Lakini sehemu isiyokuwa ndogo humwagwa usiku kwenye makorongo na kingo za Themi, Naura, Ngarenaro na Kijenge. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na hakuna dereva wa tipa asiyejua kwamba anakosea. Ndiyo maana huja usiku. Anachojua zaidi ni kwamba safari ya kwenda korongoni ni fupi na haina ada. Kumwekea mgambo pale darajani kutasaidia kwa wiki mbili. Kumpa mahali pengine pa karibu ambapo mzigo wake unapokelewa bure kutasaidia kwa muda mrefu zaidi.

Inafaa kuangalia kwa makini kinachotokea katika eneo la ubomoaji, kwa sababu nusu ya kazi ninayoizungumzia tayari inafanyika bila amri ya ofisi yoyote. Kabla nyundo haijapigwa, milango, madirisha, mabati na mbao hutolewa kwa uangalifu na kuuzwa. Kisha huja vijana wa vyuma chakavu, ambao hupasua nguzo, mikanda na slabu kwa nyundo nzito hadi nondo ya mwisho itoke. Wanapoondoka wameacha rundo la zege lisilo na chuma, lililokwisha kuvunjwa katika vipande ambavyo mtu mmoja au wawili wanaweza kuvibeba. Katika nchi nyingine kazi hiyo ya kutenganisha chuma na zege hufanywa kwa mashine za bei kubwa, na ndiyo inayopandisha gharama. Hapa kwetu bei ya chuma chakavu imeshailipia. Kinachokosekana ni mnunuzi wa zege lililobaki, na mnunuzi mkubwa kuliko wote wa mawe na kokoto katika mji huu ni ninyi.

Swali la haki ambalo mhandisi yeyote atauliza ni la nguvu. Nisingependa mtu alijibu kwa shauku, maana lina majibu ya maabara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulichukua sampuli nane za kifusi cha saruji hapa hapa Tanzania, ukakisaga, ukakichekecha, na kutengeneza matofali ya zege ambayo kokoto na mchanga wake wote, asilimia 100, ulitokana na kifusi. Matofali yalifyatuliwa kwa mashine ya mkono na kutunzwa kwa maji kwa siku 28. Yalikuwa dhaifu kuliko yale ya kokoto za machimboni, na watafiti walilisema hilo wazi. Lakini asilimia 85 ya matofali yaliyopimwa yalifikia nyutoni 7 kwa kila milimita ya mraba, ambacho ndicho kiwango cha chini walichokitaja kwa tofali la kubeba mzigo nchini. Nani kati yetu anaweza kuapa kwamba asilimia 85 ya matofali yanayofyatuliwa kandokando ya barabara zetu, yakikaushwa juani bila kumwagiwa maji ya kutosha, yangefikia hapo?

Udhaifu wa kokoto za kifusi una sababu inayoeleweka. Kila punje hubaki na ganda la saruji ya zamani lenye vinyweleo, kwa hiyo hunyonya maji mengi kuliko jiwe lililotoka mwambani. Fundi asiyejua hilo ataona zege lake limekauka kwenye toroli, ataongeza maji kwa macho, na atakuwa ameharibu mchanganyiko. Dawa ni kuzilowesha kokoto kabla ya kuzitumia na kupima maji upya. Kwenye tabaka la barabara hali hugeuka kuwa ya faida: zege lililosagwa hubaki na chembe za saruji ambazo hazikuwahi kukutana na maji, na tabaka likishamwagiwa na kushindiliwa huendelea kushikana taratibu kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana nchi zilizotangulia zimepeleka sehemu kubwa ya kifusi chao chini ya barabara badala ya kukipeleka kwenye ghorofa. Uholanzi ilipiga marufuku mwaka 1997 kufukia kifusi kinachoweza kutumika tena, na sehemu kubwa ya kifusi hicho imekuwa misingi ya barabara. Japani ilitunga sheria yake mwaka 2000.

Nasisitiza kusagwa, kuchekechwa na kushindiliwa kwa sababu wakazi wengi, na nadhani baadhi yenu pia, wamekata tamaa na kifusi kutokana na kile wanachokiona mitaani. Shimo likitokea mbele ya nyumba, mwenye nyumba huleta lori la kifusi na kulimwaga. Ndani yake kuna vipande vya tofali, vigae, plasta, udongo, misumari na mara nyingine chupa. Vipande vikubwa hukaa juu, vidogo huzama, maji huingia katikati, na masika ya kwanza hugeuza kila kitu kuwa tope lenye ncha kali. Yale si majaribio ya teknolojia hii. Malighafi ya tabaka la barabara inahitaji punje za ukubwa tofauti zinazozibana nafasi, kutoka vumbi hadi milimita arobaini hivi, maji ya kiasi kilichopimwa, na rola. Mwongozo wa usanifu wa tabaka za barabara wa Wizara ya Ujenzi wa mwaka 1999 umekwisha kutupa madaraja ya kupimia changarawe, kama G15, G25 na G45, kulingana na uwezo wa kubeba mzigo. Kifusi kilichosagwa kipelekwe kwenye kipimo hichohicho. Kikifaulu kitumike, kikishindwa kirudi kujazia mabonde.

Hapo kuna jambo la kwetu Arusha ambalo halipaswi kurukwa. Matokeo ya kifusi cha mahali pengine hayawezi kunakiliwa tu, kwa kuwa mawe yetu ni ya volkano na hayafanani yote. Mengine ni mazito na magumu. Mengine ni mepesi, yenye matundu, ambayo wazee wetu waliyachonga kwa urahisi na kujengea nyumba nzima. Nyumba ya mawe mepesi yaliyounganishwa kwa udongo haitatoa kokoto sawa na darasa lenye nguzo za zege. Kwa hiyo marundo yawe mawili tangu siku ya kwanza: zege na mawe magumu upande mmoja, tofali na plasta upande mwingine. La kwanza lielekee kwenye tabaka za barabara na matofali. La pili likajazie chini ya njia za waenda kwa miguu na maeneo yasiyopita magari mazito. Chuo cha Ufundi Arusha kipo katikati ya mji na kinafundisha uhandisi ujenzi. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela ipo Tengeru. Sioni sababu ya kusubiri mtaalamu kutoka mbali aje kupima zege la Levolosi.

Niwape hesabu ndogo ambayo mhandisi wenu anaweza kuikagua kwa dakika tano. Slabu ya mita 10 kwa 10 yenye unene wa sentimita 15 ni mita za ujazo 15, na kwa kuwa zege lina uzito wa takribani tani 2.4 kwa mita ya ujazo, slabu hiyo peke yake ni tani 36, yaani safari karibu nne za lori la tani 10. Mtaa wenye upana wa mita 5, ukitandazwa tabaka la sentimita 15 kwa urefu wa mita 100, unahitaji mita za ujazo 75, ambazo zikishashindiliwa ni kama tani 150. Slabu nne au tano za namna hiyo, bila kuhesabu nguzo na msingi, zinatosha mita mia moja za tabaka la chini katika mtaa ambao leo hauna tabaka lolote.

Niwe wazi kuhusu mahali ambapo kifusi hakifai. Kisitumike kwenye nguzo, mikanda na slabu za majengo ya ghorofa, wala kwenye madaraja. Nafasi yake iwe chini ya jamvi (sakafu ya zege) la darasa, kwenye zege jembamba la kutandika msingi kabla ya nondo, kwenye matofali ya uzio wa shule, kwenye pevingi za njia za miguu baada ya kupimwa, na vipande vikubwa ambavyo havijasagwa vijaze vizimba vya waya vya kulinda kingo za makorongo. Huo mwisho una utani wake: zege lilelile linaloharibu korongo likimwagwa ovyo hulilinda likifungwa vizuri.

Na kuna vitu ambavyo havipaswi kukaribia rundo kabisa. Majengo ya zamani, yakiwemo ya umma, mara nyingine yameezekwa kwa asbesto, na asbesto ikivunjwa au kusagwa hutoa nyuzi zinazoua mapafu polepole. Hiyo ni taka hatarishi, iondolewe kwanza, nzima nzima, kwa taratibu zinazosimamiwa na NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, kabla ubomoaji haujaanza. Jipsam za dari nazo zitengwe, maana salfeti iliyomo hushambulia saruji mpya. Ukaguzi wa jengo kabla ya kubomolewa ni kazi ya siku moja, na pasipo ukaguzi huo ningekuwa wa kwanza kusema mpango huu usianze.

Nimejiuliza kwa nini jambo linaloeleweka na kila fundi halifanyiki, na jibu langu ni kwamba mhandisi wa umma hana kinga. Mchoro umesema mawe ya kusagwa kutoka machimboni. Akiruhusu kitu kingine, hata kiwe kimefaulu vipimo vyote, mkaguzi atakapokuja ataandika kwamba kazi haikufuata mchoro, na hoja hiyo itamfuata hadi kwenye kikao. Hakuna atakayemwandikia hoja kwa kutupa tani mia za zege. Mtu mwenye akili timamu katika nafasi hiyo atatupa. Basi msimlaumu mhandisi. Badilisheni karatasi anayoifanyia kazi. Nyaraka za zabuni na makadirio ya kazi za fosi akaunti, yaani zile ambazo taasisi ya umma huzisimamia yenyewe kwa kununua vifaa na kuajiri mafundi, ziseme waziwazi kwamba malighafi iliyotokana na ubomoaji inakubalika kwa matabaka na kazi zilizotajwa, mradi imefikia kipimo kilekile kinachotakiwa kwa malighafi ya machimboni, na cheti cha maabara kiwekwe kwenye jalada. Kazi za fosi akaunti zingekuwa mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa kamati ya shule inayobomoa darasa bovu ndiyo hiyohiyo inayonunua mawe ya jamvi la darasa jipya, mita ishirini kutoka hapo.

Kuhusu bei sitaki kuwadanganya. Arusha haina njaa ya mawe. Machimbo yapo karibu, na kwa kazi iliyo jirani na machimbo kokoto mpya zinaweza kuwa nafuu kuliko zilizosagwa kutoka kwenye kifusi. Faida ipo katikati ya mji, pale safari mbili ndefu za lori zinapogeuka kuwa moja fupi. Lakini bei ya kokoto ya machimboni nayo haijaandikwa yote kwenye risiti. Mwezi Aprili mwaka 2013 machimbo ya moramu ya Moshono yaliporomoka na kuua watu zaidi ya kumi waliokuwa kazini. Kila mlima tunaoutafuna una ukuta unaozidi kusimama wima, na kila tani isiyochimbwa bila sababu ni ya kuhesabiwa.

Mahali pa kusagia pangeweza kuwa pembeni ya dampo la Muriet, ambako malori yanajua njia na ambako sehemu ya mazao ingetumika kwa barabara za ndani za dampo lenyewe. Jiji halihitaji kununua mtambo. Krasha ndogo za dizeli zinazotumiwa na wachimbaji wadogo zinaweza kukodiwa kwa wiki kadhaa rundo likishakuwa kubwa. Uchambuzi wa kifusi ufanywe kwa mkataba na vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyostahili mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, wakiwemo kina mama wanaogonga kokoto kwa nyundo, ambao vinginevyo mpango huu ungewanyang'anya soko. Na wapewe maji ya kunyunyizia na barakoa za kweli, kwa sababu vumbi la zege si la kuchezea.

Upande wa watu binafsi, kibali cha ujenzi kwenye kiwanja chenye jengo la zamani kingeweza kuambatana na dhamana ndogo inayorudishwa mwenye kiwanja akileta stakabadhi kwamba kifusi chake kimepokelewa Muriet. Dhamana iwe ndogo kweli. Ikiwa kubwa, watu watabomoa Jumapili bila kibali, na tutakuwa tumerudi korongoni.

Ninachoomba kifanyike kwanza ni kidogo. Chagueni jengo moja la umma lililokwisha kupangiwa kubomolewa. Kifusi chake kitengwe, kisagwe na kupimwa. TARURA itandaze mita mia moja katika mtaa mmoja wa udongo, iwe Sombetini, Sokon I au Sinoni, na mita mia zinazofuata zitandazwe moramu ya kawaida kwa unene uleule, na mkandarasi yuleyule. Vipande vyote viwili vipite masika moja, Machi hadi Mei, kisha vipimwe mbele ya wananchi na gharama za kila kimoja zibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata, pamoja na gharama ya kuondoa kifusi ambayo haikutumika. Kipande cha kifusi kikishindwa, tutajua kimeshindwa kwa nini na kwa shilingi ngapi.

Jengo ni la Halmashauri na mtaa ni wa TARURA, kwa hiyo jaribio hili haliwezi kufanywa na ofisi moja peke yake. Ndiyo sababu barua hii imeandikwa kwenu wote kwa pamoja. Naomba suala hili liingizwe katika ajenda ya Kamati ya Mipango Miji na Mazingira kabla makadirio ya mwaka wa fedha unaoanza Julai hayajafikishwa kwenye Baraza, ili mstari wa jaribio hilo uwemo katika makadirio ya pande zote mbili.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Fundi sanifu majengo mstaafu,
Mkazi wa Kata ya Sombetini, Arusha.

Nakala: Mkuu wa Mkoa wa Arusha, Mkuu wa Chuo cha Ufundi Arusha.